Ziwa la Malimi, Mto wa Budeba

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Budeba ni kwamba hakukitazama kitu chochote kabla ya kuuliza kama Malimi amekwisha kukiona.

Nilimkuta asubuhi moja ya mwezi wa Mei uani kwa Mama Apolonia, mtaa wa Mlandege mjini Iringa, ambako nilikuwa nimepanga chumba tangu nilipomaliza Chuo Kikuu na kuletwa kufundisha sekondari. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, amejifunga shuka jeusi begani na kuvaa makatambuga, naye alisimama wima katikati ya ua kama mtu anayengoja kuitwa barazani kutoa ushahidi. Dereva wa lori aitwaye Lutengano alikuwa amemshusha hapo muda mfupi kabla, akaomba mgeni apewe pa kulala kwa kuwa ni Msukuma wa Usangu na ana safari zake. Mama Apolonia, mjane wa Kihehe aliyeuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, na ambaye hakuwahi kumwonea mgeni haya, alinyosha kidole kuelekea mwamba unaoutazama mji kutoka juu.

"Kamwene, mgeni. Lile jiwe kule linaitwa Gangilonga. Wageni wote huanzia pale."

Budeba hakugeuza hata shingo. "Malimi alifika huko?"

"Malimi ndiye nani?"

"Msukuma kama mimi. Mfupi. Meno yake ya mbele iko na mwanya. Anacheka-cheka sana."

"Sijamwona mtu wa namna hiyo."

"Hajafika Iringa kabisa?"

"Baba, mimi nauza ulanzi, si polisi wa barabarani. Lakini Msukuma anayecheka-cheka ningemkumbuka, maana wewe tangu uingie hapa hujatuonyesha hata jino moja."

Hapo ndipo Budeba alipogeuka, akautazama mwamba.

Nilidhani Malimi ni mdeni wake, au mtu aliyemwibia ng'ombe. Ilinichukua siku kadhaa za kukaa naye jioni penye jiko la Mama Apolonia kuelewa kwamba Malimi ni shemeji yake, mume wa mdogo wake Mbuke, na kwamba hakuwa amechukua ng'ombe wala mali. Alikuwa amechukua watu.

Budeba alizaliwa Maswa. Miaka michache iliyopita yeye na ndugu zake waliswaga ng'ombe wao kutoka kule, wakitafuta malisho, wakapita nchi ya Wanyamwezi na ya Wakimbu hadi wakateremka katika tambarare ya Usangu. Huko walikuta nyasi zinazofika kifuani na maji ya mto Ruaha, wakajenga ng'ambo ya Rujewa pamoja na Wasukuma wengine waliotangulia. Walikuja na kila kitu chao: majembe, mbegu, ngoma, na pia ule ushindani wa vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, ambao kwa Wasukuma humgawa hata baba na mwanawe. Budeba ni manju wa Wagika. Malimi ni Mgalu.

Mashindano yao hufanyika baada ya mavuno, nayo hayana mwamuzi. Vyama vyote viwili huingia uwanja mmoja saa ileile, kimoja upande huu na kingine upande ule, kila manju akaimba wimbo wake mpya kwa sauti yake yote. Watu husimama katikati. Anayependezwa na wimbo huu husogea huku, anayependezwa na ule husogea kule, na jua likielekea kutua kila mtu anaona kwa macho nani ameshinda na nani amebaki na wapiga ngoma wake peke yao. Kwa sababu hiyo wimbo mpya hufichwa. Manju hufanya mazoezi mbali machungani, na maneno huwapa waitikiaji wake siku za mwisho kabisa, kwani wimbo ukisikika mapema, upande wa pili utatunga jibu, na wimbo uliojibiwa kabla ya kuimbwa umekufa.

Kwa miaka yote tangu wahamie Usangu, watu walisimama upande wa Budeba. Malimi alikuwa mwimbaji wa kawaida tu, mtu wa kuchekesha. Kisha mwaka jana, 1975, Malimi alifuatana na wanunuzi wa ng'ombe hadi Mbeya, na huko mtu mmoja akampeleka barabara ya Tukuyu, wakapanda msituni hadi kwenye ukingo wa Ngozi, ziwa lililokaa ndani ya kilele cha mlima. Siku ya Sabasaba Malimi aliimba hivi, kwa Kisukuma, nami naandika kama nilivyofasiriwa:

Nimeona maji yaliyopanda mlima na hayakuchoka. Nimeona ziwa limekaa juu kama mtungi kichwani pa mwanamke, na halimwagiki.

Msomaji afikirie watu hao walivyokuwa. Wamehamia nchi ngeni, wanaijua tambarare yao, barabara kuu na basi. Milima ya Mbeya wanaiona kwa mbali kila siku, ya buluu, wala hawajui kuna nini juu yake. Mtu akisimama akawaambia juu kuna ziwa, atawachukua wote. Kwanza walihama vijana. Wakafuata wazee, wakabeba vigoda vyao. Budeba aliendelea kuimba, akimtazama mkewe Ng'washi aliyesimama peke yake mbele ya ngoma na kupiga makofi. Kisha Ng'washi naye akageuza shingo. Baadaye alieleza kwamba alikwenda kumtafuta mtoto. Budeba anasema mtoto alikuwa mgongoni mwake.

Kesho yake Malimi alikuja kuwasalimu, kama shemeji anavyopaswa, akakaa mbele ya watu wote.

"Shemeji," alisema, "mimi nilitoa ng'ombe kwa ajili ya Mbuke peke yake. Jana naona ukoo mzima umehamia kwangu. Niwaongezee ng'ombe?"

Watu walicheka. Ng'washi pia alicheka, akaficha mdomo kwa kanga, lakini Budeba aliyaona mabega yake yakitikisika.

Tangu siku hiyo wivu ulihamia nyumbani kwake na kula naye sahani moja. Ng'washi akipepeta mpunga aliimba ziwa la Malimi. Akimwogesha mtoto aliimba ziwa la Malimi, bila kujua kwamba anaimba, na mumewe akiwa zizini aliacha kukamua ili asikilize. Mwisho alishindwa kuvumilia.

"Hakuna wimbo mwingine duniani?"

"Uko wapi, Baba Nkwimba?" Ng'washi alijibu bila kuacha kupepeta. "Nipe mwingine, nitauimba."

Basi mavuno ya mwaka huu yalipoanza kuingia ghalani, Budeba aliwaachia ndugu zake ng'ombe, akapanda lori la Lutengano lililobeba mpunga, akaenda kutafuta kitu cha kuona.

Alianzia Mbeya, na hilo lilikuwa kosa. Alikuta mji wa baridi chini ya mlima Loleza, ukungu umelala juu ya mabati, stesheni mpya ya reli ya Uhuru, wanawake wa Kisafwa wamebeba viazi vya kulisha nchi nzima. Mtu mwingine angekaa hapo mwezi mzima. Lakini kila alichokitazama alikiona kama sahani ambayo Malimi amekwisha kuilamba. Alipokwenda mnadani kusalimia watu wa ng'ombe, mchinjaji mmoja aliruka kumkumbatia: "Ah, wewe ni shemeji yake Malimi! Yule bwana anatuchekesha sana! Mbona wewe hufanani naye?" Siku hiyohiyo Budeba alimtafuta Lutengano, akamwomba ampeleke upande ambao Malimi hajakanyaga.

Ndivyo alivyofika Iringa, na ndiyo maana ya swali lake.

Nilitembea naye sana katika siku zile, kila nilipomaliza vipindi. Tulipanda Gangilonga. Aligusa mwamba kwa kiganja, akautazama mji mzima ulivyotandazwa chini yake, akasema kwao Usukuma mawe makubwa kama haya yako nyuma ya kila nyumba. Mama Apolonia alimchukua Jumapili hadi misheni ya Tosamaganga, naye Budeba akasikiliza kengele na kuimba kwa masista, macho yakamlegea kwa utamu. Njiani kurudi alitikisa kichwa.

"Ni nzuri, mama. Lakini nikiimba hii, Malimi atasema Budeba amebatizwa, ngoma yake sasa ni ya padri."

"Na wewe ungebatizwa ungepungukiwa nini?"

"Ningepungukiwa watu, mama. Wamebaki wachache."

Nilimpeleka Isimila, kwenye lile korongo la nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Pale alikaa muda mrefu, akazunguka nguzo moja moja, akizipima kwa urefu wake mwenyewe. Nikaanza kufurahi, nikidhani tumepata. Kisha akasema, "Udongo imesimama. Ni ajabu. Lakini maji yake Malimi ilipanda. Kusimama na kupanda, ipi ni kubwa?" Hivyo ndivyo wivu wake ulivyofanya kazi: haukumpofusha, maana aliona vizuri kuliko watu wengi, ila kila alichokiona alikiweka kwenye mizani, na upande wa pili wa mizani lilikuwa ziwa lilelile ambalo hajawahi kuliona.

Alikuwa ameanza kukata tamaa Mama Apolonia alipomkumbuka kaka yake, Joachim Kalinga, mkulima wa Idodi. "Nenda kwa kaka yangu. Yeye amekaa na tembo maisha yake yote, wanamlia mahindi, na bado anawasifu. Huko hukosi kitu."

Jumamosi moja nilifuatana naye. Joachim alikuwa mzee mnene, mchangamfu, aliyevaa koti hata kwenye joto la bondeni. Alitupokea kwa ugali na kuku, na asubuhi akatuombea nafasi nyuma ya gari lililokuwa likienda Hifadhi ya Ruaha. Tulishuka kivukoni.

Sitasahau mandhari ile. Mto ulikuwa bado mpana kwa mvua zilizopita, nao haukuwa kitu kimoja. Uligawanyika, ukazunguka visiwa vya mchanga, vya miamba, na vingine vyenye majani mabichi na miti yake kama viji-nchi vidogo. Viboko walikoroma karibu nasi. Mamba walilala mchangani midomo wazi. Kisha kundi la tembo likatoka vichakani ng'ambo ya pili, likaingia majini bila haraka, wakubwa mbele na wadogo katikati, wakapanda kisiwa kimoja na kuanza kula kama watu waliofika shambani kwao.

Budeba alitazama tembo, akapiga mluzi wa chini. Lakini tembo si wageni kwa Msukuma, nami niliona mizani inaanza kupanda na kushuka usoni mwake.

"Hii mto inaitwaje?" aliuliza.

"Ruaha," Joachim alisema.

"Hata kwetu iko Ruaha."

"Ndio huuhuu."

"Hapana, mzee. Ya kwetu ni mto ya ng'ombe. Haina mawe, haina visiwa hivi. Inaingia kwa matete ya Ihefu, inaisha."

Joachim alicheka hadi akashika tumbo. "Inaisha! Wewe bwana, mto unaishaje? Unaingia Ihefu, unapumzika kidogo kwa uchovu wa ng'ombe zenu, halafu unatokea upande wa pili, unakuja huku. Tembo hawa unaowaona wanakunywa mabaki ya ng'ombe zako! Tena waambie huko wasimalize yote."

Budeba hakucheka. Alivua makatambuga, akaingia maji ya kifundo cha mguu licha ya Joachim kumpigia kelele kuhusu mamba, akainama, akachota kwa kiganja na kunywa. Aliyashika mdomoni kwanza, kama anayetafuta ladha ya zizi lake. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Malimi anajua habari hii?"

"Nitajuaje anachojua huyo Malimi wenu?" Joachim alisema.

"Hajui," Budeba akajijibu. "Ananywesha ng'ombe pale kila siku, na hajui." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alicheka kwa sauti, na meno yake yalikuwa mazuri sana.

Wimbo ulianza kumjia palepale garini. Alikuwa akigonga bodi kwa vidole na kunong'ona. Tulipofika Mlandege alikuwa tayari anao, naye alinifasiria akiwa amefunga mlango wa chumba changu, baada ya kuniapisha:

Maji, mliniaga asubuhi midomoni mwa ng'ombe wangu, mkasema mnakwenda kulala Ihefu. Mmenidanganya. Nimewafuata nikawakuta mmeamka, mnaoga na tembo, mnajenga visiwa katika nchi ya watu.

Siku mbili tatu baadaye Lutengano alipita na lori lake, na Budeba akaondoka kurudi Usangu.

Yaliyotokea njiani nimeyapata kwa wote wawili, na hawapingani. Lutengano ni Mnyakyusa wa Rungwe, kijana mwenye roho nzuri na kifua kikubwa cha kuimba. Walipoanza kupanda kuelekea Mafinga alimwambia Budeba, "Mzee, imba basi, lori hili halina redio." Budeba alifikiri. Kumwimbia Msukuma yeyote, hata wa chama chake, ilikuwa mwiko. Lakini Lutengano hakujua neno moja la Kisukuma, na mtu asiyejua lugha hawezi kubeba wimbo, kama vile kikapu kisivyoweza kubeba maji. Hivyo ndivyo alivyowaza, na moyo wake ulikuwa umejaa mno. Akaimba. Aliimba Mafinga, akaimba Makambako, akaimba walipokuwa wakiteremka Usangu na upepo ukiingia dirishani. "Imba tena," Lutengano alisema kila wimbo ulipokwisha.

Lutengano hakubeba maana. Alibeba sauti. Na kwa kuwa kazi yake ni kupakia mpunga kwenye mashine zote za barabara ile, wiki iliyofuata aliuimba Rujewa, akauimba Igawa na Chimala, maneno yamevunjikavunjika mdomoni mwake kama vigae. Wasukuma waliokuja kukoboa walicheka, wakamrekebisha neno hapa na neno pale, na kila aliyemrekebisha akaondoka nao. Alipoulizwa ni wa nani alijibu tu kwamba ni wa mzee mmoja Msukuma, msafiri.

Shule ilipofunga mwezi wa Juni nilikwenda Usangu, maana Budeba alikuwa amenialika. Nilitarajia kumkuta ameshiba furaha. Nilikuta ngoma imetundikwa juu ya dari ya ghala na mwenyewe amekaa nyuma ya zizi, haongei. Ng'washi ndiye aliyenieleza. Ni mwanamke mwenye macho ya kucheka hata anapolalamika, nami nilianza kuelewa kwa nini mtu angesafiri mbali ili mwanamke huyu aimbe wimbo wake.

Siku moja, alisema, alirudi kutoka mashineni, kichwani amebeba mchele, anaimba. Alikuwa hata hajatua mzigo mumewe alipotokea zizini.

"Umeupata wapi wimbo huo?"

"Mashineni. Kila mtu anauimba. Ni wimbo mzuri, Baba Nkwimba, umesikia? Maji yanaaga—"

"Nani kakupa?"

"Nimekwambia, mashineni. Wanasema ni wa Malimi. Mwaka jana aliona ziwa, mwaka huu kaona mto."

"Umekwenda kwa Malimi!"

"Nimekwenda kukoboa, mchele huu hapa kichwani! Nishushe kwanza, halafu unigombeze."

Hakumshusha. Alitoka hivyohivyo akaenda hadi mtoni, akakaa huko hadi ng'ombe walipomtafuta. Kwa miezi mingi alikuwa ameomba kitu kimoja tu, Ng'washi aimbe wimbo wake. Sasa Ng'washi alikuwa anauimba, tena kwa raha, na alikuwa anamsifia mwanamume mwingine.

Siku Lutengano alipoleta lori kijijini, Budeba alimuuliza mbele ya watu kama kuna Mgalu aliyemlipa. Lutengano hakuelewa hata kosa ni nini. "Mzee, mimi nilitaka kukusifu tu!" alisema, akauimba tena pale pale kuonyesha jinsi alivyoushika vizuri. Alipoelezwa maana ya alichokifanya, alishuka kwenye ngazi ya lori akakaa chini, mikono kichwani.

Malimi mwenyewe nilimwona siku ya pili ya kukaa kwangu. Alikuja na Mbuke kusalimia, akapewa maziwa mgando, akayasifu. Ni kweli ana mwanya, na ni kweli ni vigumu kumchukia.

"Shemeji," alisema, "nasikia unaninung'unikia. Mimi sikusema wimbo ni wangu."

"Na hukusema si wako."

"Hakuna aliyeniuliza! Watu wanapita, wananiambia, Malimi, wimbo wa mto mtamu. Nawaambia ahsante. Mtu akikusifu utamtukana?"

"Uliona mto wewe?"

"Nauona kila siku. Huu hapa."

"Uliuona unapokwenda?"

Malimi alicheka, lakini akaliweka chini bakuli la maziwa. "Sabasaba nitauimba," alisema kwa upole. "Watu wameuomba. Wewe tunga mwingine, shemeji. Wewe ni fundi."

"Kaka, mwache," Mbuke alimwambia Budeba. "Ni ngoma tu."

"Kama ni ngoma tu, mwambie mumeo aniachie," Budeba alijibu.

Walipoondoka aliniita tukafuate ng'ombe. Tulikwenda mbali, hadi mahali nyasi zinapoanza kuwa matete, ambako hakuna mtu. Huko aliniambia jambo ambalo Malimi halijui. Wimbo alioimba katika lori haukuwa umekwisha. Siku ile Lutengano alipomshusha barabarani, akiwa anatembea peke yake kuvuka tambarare kwenda nyumbani, alipata ubeti wa mwisho. Huo hakuna aliyeusikia, wala Lutengano, wala Ng'washi. Akauimba mara moja, kwa sauti ya chini, ng'ombe wakiwa mashahidi. Siuandiki hapa, kwa kuwa Sabasaba bado. Nitasema tu kwamba mto unaligeukia lile ziwa la mlimani na kuliuliza swali, swali ambalo mtu aliyelisifu ziwa hilo mbele ya umati hawezi kulitunga yeye mwenyewe. Atakayeusikia atajua mara moja mwenye wimbo ni nani.

Shida ni kufika kwenye ubeti huo. Vyama vyote viwili vitaanza kuuimba mto kwa wakati mmoja, jambo ambalo wazee hapa hawajawahi kuliona. Watu wengi wanaamini Budeba ndiye mwizi, ushahidi wa Lutengano wanauita wa kirafiki, nao wanaweza kuzomea na kuhama kabla hajafika mwisho. Nilimshauri auweke ubeti huo mwanzo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa amkamue ng'ombe kwa mkia.

"Mwalimu, mtu anatukana kwanza halafu ndiyo anasalimia?"

Kwa hiyo tumejiandaa kwa njia nyingine. Lutengano ameapa kwamba ataleta kwa lori lake Joachim Kalinga kutoka Idodi na Mama Apolonia kutoka Mlandege, wasimame mbele ya ngoma ya Budeba wasiondoke hata wakizomewa. Mama Apolonia amejibu kupitia kwake kwamba atakuja, na kwamba amezomewa na walevi wa Iringa maisha yake yote, Wasukuma hawamtishi. Lutengano mwenyewe atasimama kati yao, akiwa ameapishwa asifungue kinywa.

Ngoma imeshushwa kutoka ghalani. Kila asubuhi Budeba anaipasha ngozi yake motoni, anaigonga, anasikiliza kama kuna ngoma inayojibu kutoka upande wa Malimi, na ikijibu anagonga tena kwa nguvu zaidi. Waitikiaji wake wanaondoka na ng'ombe na kurudi sauti zimekauka. Jana, Ng'washi akiwa anapaka nyumba udongo mpya kwa ajili ya wageni, nilimwona Budeba akisimama nyuma yake, akajifanya anaangalia ukuta.

"Mama Nkwimba. Siku hiyo utasimama wapi?"

Ng'washi aliendelea kupaka. "Nitasimama pale nitakaposikia vizuri."

"Na mtoto?"

"Mtoto nitamfunga mgongoni, asipotee." Mabega yake yalitikisika kidogo, naye Budeba aliyaona, akaenda zake zizini.

Uwanja umekwisha kufyekwa na vijana wa TANU wamesimika milingoti ya bendera. Watu wameanza kufika kutoka vijiji vya mbali, wanalala kwa jamaa zao, na wote wanaouliza njia wanauliza pia kama ni kweli vyama viwili vitaimba wimbo mmoja. Sabasaba ni wiki ijayo.